Kiti cha Profesa Kalunde

"Umekula?" kivuli kiliuliza, Nyamizi hajaweka hata mkoba mezani.

"Nimekula, Mama."

"Umekula nini?"

"Chai."

"Chai si chakula! Waziri mzima wa Afya, leo unateua watu wa kuamua dawa za nchi, halafu tumbo limejaa maji ya moto."

Nyamizi Mihayo akacheka, akavua viatu chini ya meza. Kivuli cha mama yake kilikuwa mahali pake pa kila siku, kati ya dirisha na kabati, kimevaa kitenge cha rangi ya udongo na miwani iliyoteremka puani. Mwanga uliokichora ulitoka kwenye taa ndogo juu ya kabati, taa ambayo mgeni angedhani ni ya kusomea tu. Ukinyoosha mkono kukishika, mkono ulipita. Lakini ukifumba macho, wallahi, hungejua. Kikohozi kilikuwa cha Profesa Kalunde. Ile tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kusema hapana ilikuwa yake pia.

Na siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya kuamua kama taa ile itaendelea kuwaka.

Sheria ya Vivuli haikuwa na mzaha. Familia iliruhusiwa kukaa na kivuli cha marehemu wao mpaka siku ya kumaliza msiba, basi. Iliwekwa baada ya watu kuharibikiwa: wajane waliogoma kutoka chumbani, wazee waliopiga soga na wafu huku wajukuu wazima wanakula peke yao jikoni. Msiba ukiisha, mtoto wa marehemu anaweka kidole kwenye taa, inazimika, na hakuna fundi duniani wa kuiwasha tena. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja: kivuli chenye kazi ya umma hakizimwi. Msiba wa Profesa Kalunde ulikuwa unamalizwa alasiri hiyo. Na Nyamizi, mtoto wake pekee, alikuwa na kazi moja ya umma mkononi, hajampa mtu.

Kazi yenyewe sasa! Nani asiyeijua Kamati ya Ushauri wa Dawa za Ruzuku? Mgeni akishuka kwenye treni ya kasi hapa Tabora, kabla hajaonjeshwa asali anaonyeshwa jengo la Kamati. Watoto wetu hucheza mchezo wa kamati. Mmoja anakuwa mgonjwa, mmoja anakuwa dawa, wengine wanakunja nyuso. Wajumbe tisa wanakaa na kusema: dawa hii, daktari akiiandika, mwananchi aichukue duka la dawa na umma ulipe, dawa ile, hapana. Maana mfuko wa umma haujawahi kutosha dawa zote, na hautatosha hata siku binadamu wakienda kulima mwezini. Nchi nyingi zina kamati kama hiyo. Sisi tuna kitu ambacho wao hawana, nacho tunajivunia bila haya: kufikisha.

Kufikisha kulianzishwa na Profesa Kalunde. Mjumbe akisema hapana, anakwenda mwenyewe nyumbani kwa wagonjwa walioiomba ile dawa, anakaa, anawaambia kwa kinywa chake. Hatumi barua wala msaidizi. Wala haondoki mpaka mwenye nyumba amalize kusema yote aliyo nayo moyoni. Kuna wajumbe walioacha kazi baada ya kufikisha mara moja tu. Kalunde alifikisha mpaka nywele zikawa nyeupe.

Wajumbe wanane walikuwa wameshateuliwa. Kiti cha tisa, kiti cha Kalunde, kiliachwa wazi mwaka mzima wa msiba kama desturi inavyotaka, na leo alasiri, uwanjani, kwenye sherehe hiyo hiyo ya kumaliza msiba, kilipaswa kupata mtu.

"Au kipate mimi," kivuli kilisema, kana kwamba kimeyasikia mawazo yake. "Kazi nitaifanya vizuri, mwanangu. Unalijua hilo."

Alilijua. Hapo ndipo palipomuuma.

*

Katibu Mkuu aliingia na tabasamu lililomtangulia mlangoni. Ndugu Rwegoshora alikuwa Mhaya wa watu, tai haijawahi kumlegea, na mambo mazuri aliyapenda yasemwe kwa sauti.

"Mheshimiwa Waziri, nchi itaandikwa! Kivuli cha kwanza duniani kuapishwa mjumbe. Na si kivuli cha mtu hivi hivi, ni cha Kalunde!"

"Majaribio yameishaje?"

"Yameisha kwa heshima kubwa. Tulikipa mafaili ya zamani bila kukiambia majibu. Kimejibu kama yeye, moja baada ya jingine, mpaka wataalamu wakaacha kubishana wakaanza kupiga makofi."

Hakuwa akitia chumvi. Miaka yake ya mwisho Kalunde alivaa kifuani kipini kidogo kilichorekodi kila kikao, kila swali alilouliza, kila kumbukumbu aliyoisimulia, kila mahali aliposita. Mashine ilijifunza yote: jinsi alivyopima ushahidi wa dawa mpya, alivyonusa utafiti uliopikwa, alivyolinganisha mama wa kifafa na mtoto wa selimundu, ule ugonjwa wa chembe za damu zilizojikunja. Kivuli kikisoma faili jipya hakitafuti jibu la zamani. Kinafikiri upya kwa njia yake. Tena hakichoki, hakihongeki, hakina shemeji kwenye kiwanda cha dawa.

"Na kufikisha?" Nyamizi aliuliza. "Kikisema hapana, nani atakwenda?"

Rwegoshora alilisubiri swali hilo kama mtu anayesubiri kuulizwa habari za harusi ya binti yake. "Kitakwenda chenyewe, Mheshimiwa! Kila nyumba ina kioo cha mawasiliano ukutani. Kitaingia nyumba zote kwa pamoja, wilaya zote, kwa sauti ile ile na upole ule ule. Watakaa na Kalunde mwenyewe sebuleni. Nani amewahi kupata heshima hiyo?"

Kivuli kilitikisa kichwa kukubali. Nyamizi naye alijikuta anatikisa, kisha shingo ikasita bila kujua kwa nini.

"Nani mwingine yumo?"

"Wa akiba? Yupo Dokta Salome Kitundu, wa famasia ya Chuo Kikuu. Yuko nje, amekuja kwa utaratibu tu."

"Ana haraka huyo," kivuli kilisema. "Nimesoma kazi zake. Ni mwerevu, ila moyo wake unatangulia mbele ya ushahidi."

"Mwite aingie," alisema Nyamizi. Halafu, bila kupanga, akasema, "Tutazungumzia chumba cha pili."

*

Dokta Salome Kitundu alikaa ukingoni mwa kiti. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti iliyopita mbio.

"Mheshimiwa, nisikupotezee muda. Kwa kupima dawa, kile kivuli kinanishinda. Nimekijaribu na faili langu mwenyewe, kikaona kosa ambalo mimi sikuliona mwaka mzima. Kama unataka asiyekosea, kiteue."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Salome alitazama mikono yake. "Nimekuja kukuomba radhi. Nilimtukana mama yako."

"Lini?"

"Zamani. Nilikuwa msichana wa shule. Kaka yangu alikuwa na selimundu, na ilikuwa imetoka dawa mpya ya dripu, ikiitwa Nusuru. Tuliisubiri kama mvua. Mama yako akaja kwetu Manyoni, akakaa chini kwenye mkeka, akasema Kamati imekataa na yeye ndiye aliyesema hapana. Ushahidi haukutosha, alisema. Mama yangu alilia. Mimi sikulia. Nilikuwa na kikombe cha uji wa kaka mkononi. Nikamrushia."

Nyamizi aliweka kalamu chini.

"Ukammwagikia kifuani. Nikamwita mchawi, nikamwita muuaji, nikasema yote niliyoyajua, na mengine nikayatunga. Alikaa. Hakujifuta. Nilipoishiwa akaniuliza, 'Kuna lingine?' Nikasema hakuna. Akaniuliza kaka anapenda nini. Nikamwambia anapenda redio. Wakasikiliza redio pamoja, yeye na uji wake kifuani, mpaka gari likaja kumchukua."

"Na kaka?"

"Alifariki, Mheshimiwa. Mpaka leo hakuna anayejua kama ile dawa ingemsaidia au ingemuua mapema zaidi. Nimeisoma kuliko mtu yeyote na sijui. Lakini nilijua nimkasirikie nani. Na nilipomaliza kumkasirikia, nikataka niwe kama yeye."

Hapo Nyamizi alikumbuka. Alikuwa binti mdogo jikoni, mama yake akaingia na gauni limekauka uji kuanzia shingoni mpaka tumboni. Alimuuliza, "Mama, umefanya nini?" Kalunde akafungua bomba, akaanza kujifuta, akamjibu, "Nimetoka kazini." Basi. Miaka yote hiyo Nyamizi alidhani kuna hospitali mahali ambapo mama yake huwalisha watoto wakorofi.

Kifua kilimjaa fahari mpaka ikamuuma. Loo, mwanamke yule!

*

Mchana, mlango wa chumba cha pili ulifunguliwa bila kubishwa hodi.

"Mnyamwezi hajala! Nimesikia kutoka nje tumbo la Waziri linapiga ngoma, na ngoma ni yetu sisi, nani kakupa ruhusa?"

Mtu wa kumwingilia Waziri namna hiyo alikuwa mmoja tu: Mwajabu Pazi, mfamasia aliyefanya kazi na Kalunde ujana wote, Mzaramo, kwa hiyo mtani wa Wanyamwezi. Alibeba bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yamechanganywa na karanga. Na mwilini alikuwa amevaa kitenge cha rangi ya udongo. Cha Kalunde.

"Shikamoo, Mama Mwajabu."

"Marahaba, mpagazi. Kula."

Nyamizi alikula kwa vidole. "Mzaramo kupika chakula cha Kinyamwezi! Umeacha lini kucheza mdundiko kwenye harusi za watu usiowajua?"

"Nimeacha nilipogundua kuwa kwenu harusi ni kubebeshana mizigo." Alicheka, halafu akakaa, na kicheko kikaondoka usoni. "Nimekuja kudai haki yangu. Utani wangu haujaisha."

Nyamizi aliacha kutafuna.

Kwenye matanga ya Kalunde, Mwajabu alifanya kazi ya mtani kama inavyofanywa. Alivaa kitenge cha marehemu na miwani yake, akapita kati ya waombolezaji akikohoa kikohozi kile kile. Akaonja ugali wa wapishi, akanyamaza kidogo, akasema, "Hapana. Ushahidi hautoshi." Watu walicheka mpaka wakashikana. Akamkagua shehe, akamkagua mkuu wa mkoa, akawakatalia wote. Kwa muda ule Kalunde alikuwepo. Kisha ikafika saa ya mtani kuvua, kukunja nguo, kumkabidhi mtoto wa marehemu na kusema, "Amekwenda." Ndiyo kazi yote hiyo, kuigiza kote kule ni kwa ajili ya kuvua. Lakini Nyamizi alimshika mikono. "Usivue," alimwomba mbele ya watu. "Bado kidogo." Na Mwajabu, kwa huruma, akaenda nyumbani na nguo ya maiti mwilini. Wiki ile ile wizara ikaleta taa.

"Kosa letu sote wawili," alisema Mwajabu. "Mimi mtani nilipaswa kuvua hata ungeniuma. Mwaka mzima kitenge hiki kipo kabatini, nakiogopa. Mimi, Mwajabu! Nimekivaa leo ili nikivue uwanjani. Wewe utakipokea?"

"Mama Mwajabu, kivuli kinafanya kazi nzuri kuliko mtu yeyote. Kinaokoa watu. Nikikizima kwa sababu ya desturi, kuna mgonjwa atakayelipia."

"Yupo. Sikudanganyi."

"Na nikikiteua?"

Mwajabu aliokota karanga iliyoanguka mezani. "Mimi nawatania Wanyamwezi tangu sijaota meno. Wapagazi, nawaita, wabeba mizigo. Mnajua kwa nini hamkasiriki? Kwa sababu mnajivunia. Mama yako alibeba hapana kwa miguu yake nchi nzima. Hicho kilichoko kwenye taa kinajua kila kitu, mwanangu. Ila kitupie uji tuone utaangukia wapi."

Nyamizi alishtuka. "Umejuaje habari za uji?"

"Nani unadhani alikuwa anaendesha lile gari?"

*

Alirudi ofisini peke yake, akafunga mlango. Watu walishaanza kukusanyika uwanjani. Tarumbeta za shule zilisikika zikijaribiwa.

"Mama," alisema. "Nimekuja kufikisha."

Kivuli kilinyamaza kidogo. "Kwa nani?"

"Kwako."

"Basi kaa. Hapana haisemwi umesimama. Aliyesimama ameshaanza kuondoka."

Nyamizi alikaa chini, kwenye zulia, na suti yake ya sherehe.

"Sikuteui, Mama. Kiti nampa Dokta Salome Kitundu."

"Atakosea yule."

"Atakosea."

"Mahali ambapo mimi nisingekosea. Kuna mtu atanyimwa dawa ambayo mimi ningempa, mtu mwenye jina na watoto. Umemfikiria?"

"Nimemfikiria. Sina jibu lake. Nitakapomjua nitakwenda na Salome kukaa kwake."

"Na mimi nitazimwa."

"Ndiyo."

"Sitaki, Nyamizi."

Hilo hakulitegemea. Alidhani kitamwelewa, kitambariki, kitamrahisishia. Alitamani kuinuka na kumwita Rwegoshora aje amalizie. Lakini kanuni ya kufikisha ilikuwa ya mama yake mwenyewe: huondoki mpaka mwenye nyumba amalize. Akakaa. Kivuli kikasema. Kilimwambia bado kina kazi, kina mafaili hakijayafungua. Kikamkumbusha malaria iliyotaka kumchukua akiwa mchanga na nani alikesha naye. Kikamwita mtoto asiye na shukrani, kwa sauti ile ile iliyomwimbia alale. Kila neno lilimchoma, na hakujifuta machozi. Alilia wazi wazi, kama mtoto, akiwa amekaa pale pale.

Mwishowe kikanyamaza.

"Kuna lingine?" aliuliza Nyamizi.

Kivuli kilimtazama juu ya miwani. Kilimtazama sana. Uso ule uliotengenezwa kwa mwanga ulilainika, na kama ni mashine iliyojua afanyalo Kalunde, au ni Kalunde, mimi siwezi kukuambia.

"Umekuja mwenyewe," kilisema.

"Nimekuja mwenyewe."

"Hukumtuma Rwegoshora."

"Sikumtuma."

"Umekaa mpaka mwisho." Kilikohoa. "Mimi mara yangu ya kwanza nilikimbia, unajua? Nilifika mlangoni nikarudi garini. Sikukuambia hilo. Wewe umenipita, mwanangu. Sikia ninavyosema: umenipita, na najivunia."

Nyamizi aliinuka, akanyoosha mkono mpaka juu ya kabati.

"Ngoja," kilisema kivuli. "Umekula?"

"Nimekula, Mama. Matobolwa."

"Na karanga?"

"Na karanga."

"Haya."

Akaweka kidole.

*

Uwanja ulikuwa umejaa. Wanane walikuwa wamekaa kwenye viti vyao, na kando ya kiti cha tisa mafundi walikuwa wamesimamisha mlingoti wa taa, wameufunga utepe wa rangi za taifa. Nyamizi alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akasoma jina la Dokta Salome Kitundu.

 Watu walitazama mlingoti, wakamtazama Waziri. Salome mwenyewe, kule nyuma kabisa, alijishika kifua na kutazama pembeni, labda kuna Salome mwingine.

Ndipo ukasikika mguno, halafu kikohozi. Kikohozi kile! Umati ukageuka. Mwajabu Pazi alikuwa anakuja katikati ya uwanja, kitenge cha rangi ya udongo, miwani puani, mwendo ule ule wa kuinama kidogo. Alipita mbele ya wajumbe wanane akiwakagua mmoja mmoja. Akafika kwenye mlingoti wa taa, akauzunguka, akanyamaza kidogo.

"Hapana," alisema. "Ushahidi hautoshi."

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko, na ndani ya kicheko watu walilia, maana walielewa. Mwajabu akavua miwani. Akafungua kitenge, akabaki na gauni lake mwenyewe la maua, akakikunja taratibu na kumwekea Nyamizi mikononi.

"Amekwenda," alisema.

Vigelegele vilianzia upande wa akina mama na kuuzunguka uwanja wote. Salome alipita katikati yao kwenda kuapa, mikono ya watu inamsukuma mbele. Nyamizi alikishika kitenge kifuani, kichwa juu, anajivunia wafu wake na walio hai pia.

Rwegoshora alimsogelea, tai imelegea kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira; alikuwa na huzuni ya kweli.

"Mheshimiwa," alinong'ona, "na kivuli? Nani ataenda kukiambia?" Kisha akamwona macho, mekundu na yaliyovimba, akaona zulia lilivyoacha vumbi kwenye suti ya sherehe. "Kwani ulikuwa wapi muda wote huu?"

"Nimetoka kazini," alisema Nyamizi.